Mkono Uliopimiwa Chuma Shiling

Ninyi wenzangu wa mazoezi ya Jumamosi mmeniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi nikipewa sai ninaizungusha mara mbili tatu, kisha ninaiweka chini na kwenda kushika fimbo. Wengine mmesema uzee. Uzee upo, sikatai, lakini siyo huo. Nimeona niandike yote mara moja, toka nilipotoka hapa mpaka niliporudi, maana kila nikianza kusimulia kwenye chai mtu ananikatiza na kutaka kujua bei ya simu. Habari za viza na tiketi ninaziruka. Foleni ni foleni, hata ya China.

Morogoro hadi Dar

Kwa asiyetufahamu, niseme kwanza sisi ni nani. Sensei Mkude ni fundi seremala wa hapa Morogoro, mrefu, mwenye mikono inayokaribia magoti. Kwa miaka zaidi ya ishirini ametufundisha silaha za jadi za Okinawa katika ukumbi wa shule ya msingi, bure, tena chai ananunua yeye. Okinawa ni visiwa vya kusini mwa Japani. Hadithi aliyotulea nayo ni kwamba watawala waliwanyang'anya watu wa kule panga na mikuki, basi wakulima na wavuvi wakageukia vyombo vyao vya kazi. Mti wa kubebea mizigo mabegani ukawa bo, mpini wa jiwe la kusagia ukawa tonfa, mundu ukabaki mundu, na kasia likawa la kumrushia adui mchanga wa macho kabla ya kumtwanga nalo. Na sai, chuma chenye ncha tatu, ile ya kati ndefu, eti walikuwa wakitobolea mashimo ya mbegu. Sisi watoto wa wakulima wa Uluguru tuliipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Bo zetu zilikuwa mipini ya jembe, tonfa alituchongea mwenyewe kwa miguu ya meza zilizovunjika, na sai zilikuwa nondo za kujengea, zilizochomelewa na fundi mmoja karibu na stendi.

Nondo hizo ndizo zilizotuaibisha. Miaka miwili kabla ya safari yangu, mtahini kutoka Japani alikuja nchini na Sensei akaingia kufanya mtihani wa daraja la ualimu. Katikati ya zoezi, pale penye kuchomelewa pakaachia. Ncha moja ikaruka ikagonga ubao wa matangazo, nusu shubiri kutoka kichwa cha mwalimu mkuu. Mtahini aliinama kwa adabu, akasema Sensei ajaribu tena akiwa na silaha za kweli. Sasa alikuwa anarudi, na alishasema hii ni mara ya mwisho kwa sababu umri umemtupa mkono. Bila daraja hilo Sensei asingeweza kumpandisha mwanafunzi yeyote mkanda unaotambulika, na miaka yake yote ingehesabiwa mchezo wa jioni.

Mimi naitwa Tedi, nauza nguo za watoto sokoni. Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya Wachina kuandaa Olimpiki, nilikuwa nimeshakwenda Guangzhou mara mbili kufuata mzigo, hivyo kazi ikaniangukia. Mjue sai hainunuliwi kwa namba kama kiatu. Ukiishika ikalala chini ya mkono, ncha yake inatakiwa ivuke kiwiko kwa upana wa kidole gumba. Ikipungua, kiwiko kiko wazi na kitavunjwa. Ikizidi, itakuchoma mbavu mwenyewe wakati wa kuigeuza. Sensei akachukua kamba ya katani, akapima mkono wake, akafunga fundo penye kiganja na fundo penye kiwiko, akanikabidhi.

Uwanja wa ndege wa Dar, dada wa ukaguzi aliitoa kamba hiyo kwenye pochi yangu kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ni mkono wa mwalimu wangu."

Akaitazama kamba, akanitazama mimi. "Umemfunga?"

Akamwita mwenzake, wakaanza kushauriana kwa sauti ya chini. Mimi niliyeimba kwaya miaka kumi na minane nikasimama mbele ya foleni nzima nikieleza kwamba sijamroga mtu. Nilipoonyesha jinsi ya kupima kiwiko ndipo nilipoharibu kabisa, maana watu walirudi nyuma. Mwishowe mzee mmoja nyuma yangu akasema kama ni uchawi, basi ni wa mtu na mwalimu wake, haumhusu rubani. Wakaniachia.

Addis

Addis ndege ilichelewa kwa muda wa saa saba. Nilikaa na mama mmoja wa Kikameruni, mfanyabiashara wa mawigi, ambaye Kiingereza chake na changu vilikutana katikati kama watu waliopotea. Alikuwa na kuku wa kukaanga kwenye karatasi, mimi nilikuwa na dagaa wa Kigoma na mkate wa kumimina. Alipowafungua dagaa wangu, Mzungu aliyekuwa jirani alihama kiti. Tulicheka mpaka tukafutana machozi.

Alipomaliza kula akawa mtu mwingine. Aliniambia polisi wa Guangzhou wamechachamaa mwaka huu, wanasimamisha Waafrika barabarani, wanaingia mpaka kwenye vyumba na kwenye majengo ya biashara. Dada yake mdogo alishikwa akiwa anatoka kununua chumvi. "Wewe karatasi zako nzima?" akaniuliza. Nikamwambia nzima. Akanipigapiga goti, akasema basi mimi niogope mvua tu.

Xiaobei

Xiaobei ni pale pale mnapopasikia, majengo marefu ya jumla, hoteli za bei poa, mawakala wa kusafirisha mizigo, na Waafrika wa kila nchi. Safari hii vijia vilikuwa vimepoa. Wanaume waliozoea kusimama chini ya barabara ya juu wakipiga soga hawakuwapo, na kila mtu alitembea kama ametumwa.

Nilifikia hoteli ya siku zote, lakini kula nilikula kwa Mama Saidi, mwanamke wa Tanga anayepika ghorofani kwake. Hakuna bango, unagonga mlango mara tatu na kutaja jina. Nilimpelekea unga wa sembe, akaubusu mfuko. Hapo kwake ndipo nilipomkuta Hassani.

Hassani ni Mzanzibari, mwembamba, mwenye masihara. Alikuja China miaka minne nyuma kununua viatu, mzigo mmoja ukamwendea vibaya, viza ikaisha, na sasa ilikuwa imepita miezi saba tangu imalizike. Tangu msako uanze alikuwa hatoki kabisa. Alikaa kwenye godoro karibu na dirisha la Mama Saidi akiwatafsiria watu kwa simu. Ukiwa dukani unampigia, unampa simu Mchina, wanaongea, unarudishiwa simu, anakwambia umedanganywa nini.

Alinieleza mwenyewe, siku ya kwanza tu, huku tukila ugali. Binti yake Rukia alikuwa anaolewa Unguja Ijumaa ya wiki ya pili. "Mie ndiye walii wake," akasema. "Tiketi ninayo. Jumatatu nakwenda ofisini kwao kwa miguu yangu, najisalimisha na tiketi mkononi, wananipiga muhuri wao, naondoka. Wenzangu wawili wamepita hivyo hivyo. Lakini nikishikwa barabarani kabla ya hapo, dada Tedi, naingia ndani, na ukiingia ndani siku si zako tena."

"Na binti?"

"Ataozwa na ami yake. Si haramu. Lakini nimemlea kwa simu miaka minne, angalau nimwoze kwa mdomo wangu."

Hayo nilikuwa nayajua tangu siku ya kwanza. Nayaandika hapa ili asije mtu akasema Tedi hakujua.

Zhanxi

Siku mbili nilikuwa Zhanxi, kule karibu na stesheni ya treni, nikinunua magauni ya watoto. Watu wanasukumana, mikokoteni inakukata visigino, na wote wenye maduka unawaita laoban, yaani bosi, hata akiwa msichana anayenyonya pipi. Kazi yangu ya nguo ilikwenda vizuri. Kazi ya Sensei haikwenda.

Duka moja la vifaa vya michezo lilikuwa na sai zinazometameta, zimefungwa utepe mwekundu. Niliposhika moja nikasikitika, maana ilikuwa nyepesi kama kijiko cha hotelini. Niliweka kamba juu yake, sai ikaisha vidole vinne kabla ya fundo. "Laoban, ndefu?" nikaonyesha kwa mikono. "Meiyou," akasema, yaani hakuna, neno la kwanza ambalo kila mfanyabiashara anajifunza China na la mwisho anapoondoka. Duka la pili meiyou, la tatu meiyou.

Nilimpigia Hassani nikiwa nimekaa kwenye marobota yangu. Akafikiri, akasema: "Shiling. Kwenye mji wa mikoba. Yuko mzee nyuma ya soko la ngozi, anafua visu vya kukatia ngozi. Chuma chake hakichomelewi, kinafuliwa kizima. Nenda kwa basi, ukifika nipigie."

Shiling, mara ya kwanza

Shiling kila kitu ni mkoba. Barabarani kuna vifungo vya mkoba, zipu za mkoba, mbwa amelalia vipande vya ngozi. Mzee nilimpata kwenye banda lenye moshi, amevaa malapa na aproni ya ngozi iliyotoboka. Nilimchorea sai kwenye karatasi, nikampa kamba, kisha nikampa simu.

Waliongea muda mrefu, yeye na Hassani. Mzee alicheka, akachukua karatasi, akaigeuza, akacheka tena. Nikarudishiwa simu.

"Anakifahamu," Hassani akasema. "Anasema babu yake alivitengeneza. Wao wanaviita rula ya chuma. Anauliza wewe unavitakia nini."

"Mwambie ni silaha ya wakulima wa Okinawa. Walikuwa wakitobolea mashimo ya kupandia."

Simu ikaenda, ikarudi. Hassani alikuwa anajizuia kucheka. "Anauliza, wewe umewahi kulima?"

"Nimezaliwa shambani!"

"Basi anasema, mkulima aliyezaliwa shambani anawezaje kuamini mtu atapanda mahindi kwa kitu hiki? Ncha mbili za pembeni zitakwama kwenye udongo shimo la kwanza. Anasema hiki kilikuwa cha askari. Walikichomeka kiunoni, wakikutana na mwizi mwenye kisu wanakinasa kisu hapo pembeni na kukipindua. Hata huko visiwani waliokivaa ni askari, na kilitoka huku kwao."

Miaka kumi na mitano ninaizungusha sai, na wala sikuwahi kuijaribu kwenye udongo. Niliona aibu mbele ya mzee yule, na nikamwonea hasira kidogo pia, kama mtu aliyeambiwa jina la babu yake siyo alilolijua.

Kazi akakubali, sai tatu, mbili za mikononi na moja ya akiba ya kiunoni, kama desturi ilivyo. Lakini kamba akanirudishia. Kamba, alisema, ina urefu, haina uzito. Chuma kinatakiwa kitulie juu ya kidole kimoja, kidogo mbele ya kishikio, na hapo pa kutulia hupajui mpaka ukione kinageuka kwenye mkono wenyewe. Alikuwa anataka mkono. Nikasema mwenye mkono yuko Afrika. Akasema basi nimletee mkono unaofanana nao, yeye atafua kwanza na kuacha kusawazisha na kunoa ncha mpaka mkono ufike. Akageuka akaendelea na visu vyake.

Kwa Mama Saidi

Jioni ile kamba ya Sensei ilizunguka meza nzima ya Mama Saidi. Mnairobi mmoja muuza vipuri ndiye aliyeanza, akanyoosha mkono kwa majigambo, fundo likamzidi kwa vidole viwili.

"Aki huyo mwalimu wenu ni twiga ama ni nini?" akasema.

Mkongo mmoja fundi cherehani akakunja shati mpaka begani. "Mama, pima vizuri, mimi ni mrefu, *regarde*, tazama." Alikuwa mrefu kweli, lakini wa miguu. Mama Saidi mwenyewe alipimwa, akatupiga na mwiko. Nilicheka siku ile kuliko siku zote za safari.

Kisha Hassani akanyoosha mkono wake kutoka kwenye godoro, kwa mzaha tu. Nikaweka fundo kwenye kiganja. Fundo la pili likakaa juu ya kiwiko chake sawasawa, kama lilifungwa pale.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya siku: leo Jumatano, kesho Alhamisi, yeye anajisalimisha Jumatatu.

Asubuhi nilimwomba. Naandika wazi, yeye hakujitolea, mimi nilimwomba. Nilimweleza kuhusu ncha iliyoruka, mwalimu mkuu, mtahini anayekuja mara ya mwisho. Mama Saidi akasema kutoka jikoni, "Tedi, mwache mtoto wa watu." Nikamwambia ni kwenda na kurudi, muda wa saa nne tu. Nikasema mabasi ya Shiling hayakaguliwi, jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo, nililiona basi moja tu.

Hassani alitazama dirisha. "Siku kumi na moja sijaona mbingu nzima," akasema. "Naona hiki kipande cha kati ya majengo tu. Haya, dada. Lakini wakati wa kurudi tunashuka vituo viwili kabla, tunapita uchochoroni. Hapo penye daraja, kwenye kituo cha kwetu, siku hizi ndipo polisi wanaposimama."

Nikakubali.

Shiling, mara ya pili

Ijumaa asubuhi Hassani alivaa shati jipya. Ndani ya basi alikaa dirishani, na kila tulichopita alikitaja jina kama mtalii, mto ule, kiwanda kile, ndizi! Mgomba ulimfurahisha kuliko vyote. Mimi nilimwomba ashushe sauti, akashusha kwa dakika mbili.

Mzee alimpokea, akamshika mkono, akaupindapinda kwenye kiwiko kama mnunuzi wa mbuzi. Akaridhika. Kwa saa mbili Hassani alisimama kwenye moshi akinyoosha na kukunja mkono, mimi nikimwonyesha namna ya kugeuza sai, mbele, nyuma, ilale, itoke. Alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kila alipogeuza, mzee alitazama, akachukua chuma, akakipunguza kidogo kwenye jiwe, akakirudisha. Hawakutumia maneno mengi tena. Mara ya saba au ya nane sai iligeuka ikalala chini ya mkono wa Hassani bila sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Sikia, haina kelele," Hassani akaniambia. "Imekubali."

Tukala tambi za supu pamoja na mzee kwenye kibanda cha jirani, Hassani akihakikisha kwanza nyama ni ya ng'ombe. Ingefaa tuondoke hapo hapo. Lakini mimi ni mfanyabiashara, na mji ule ni wa mikoba. Nikaona mikoba ya kike rangi ya damu ya mzee, ambayo sikuwa nimeipanga kabisa, nikachukua kumi na miwili. Sai tatu za chuma kizima na mikoba kumi na miwili, mzigo ukawa wa kukata bega.

Kushuka Xiaobei

Tulipokaribia, Hassani akanigusa. "Kituo kinachofuata, dada. Tunashuka hapo."

Jua lilikuwa kali bado, saa tisa hivi. Nilitazama nje, nikaona njia ndefu ya kutembea na ngazi za kuvuka barabara. Begi lilikuwa mapajani, limenifanyia alama kwenye paja. Nikasema, "Kaka Hassani, hizi nzito. Twende mpaka pale pale, ni hatua chache mpaka kwa Mama Saidi."

Alinitazama. Angeweza kushuka peke yake. Nadhani aliona vibaya kumwachia mwanamke mzigo, ndivyo alivyolelewa. Akakaa tena.

Polisi walikuwa wanne, wamesimama kwenye kivuli cha daraja, pembeni ya kituo. Tulipokanyaga lami tu, mmoja akasema, "Paspoti." Nikatoa yangu. Kijana wao mmoja akaisoma, akanirudishia. Mwingine alishamgeukia Hassani.

Askari mtu mzima akaligusa begi langu, akasikia chuma, akanionyesha nifungue. Nikajua sai zimekwenda. Akaitoa moja. Akaitazama, na uso wake ukabadilika. Akaiteremsha chini ya mkono wake, akaigeuza, ikatoka, akaigeuza ikalala. Alijua! Akamwambia mwenzake neno, lile lile la rula ya chuma alilolisema mzee wa Shiling, akacheka kwa furaha kabisa, akapigapiga kirungu chake kiunoni. Nikakiona kirungu hicho, cheusi, cha plastiki, chenye mpini wa pembeni. Ilikuwa tonfa, tonfa kamili, mpini wetu wa jiwe la kusagia. Kisha akanirudishia sai kwa mikono yote miwili, kwa heshima, akanifungia na zipu.

Nilipoinua uso Hassani alikuwa mlangoni mwa gari lao. Niliita jina lake. Hakugeuka mpaka alipokanyaga ndani.

"Tembea, dada Tedi," akasema kwa sauti ya kawaida. "Mwambie Mama Saidi asinipikie."

Chuma kilipita, mtu akabaki. Na nitawaambia jambo ambalo sijamwambia padri. Katika zile dakika zote, wakati askari anachezea sai na Hassani anavutwa shati lake jipya, nilikuwa naogopa juu ya sai. Nilipoona narudishiwa nilifarijika. Nilifarijika kwanza, ndipo nikamtafuta Hassani kwa macho.

Mama Saidi hakunipigia kelele. Alichukua sahani moja kati ya zilizokuwa mezani, akairudisha kabatini. Siku zilizobaki tulihangaika, mimi na Mnairobi yule na Mkongo, tukapeleka tiketi yake, tukapeleka nguo, tukasubiri kwenye viti vya plastiki. Tulichoambiwa ni kwamba jambo lake litafuata utaratibu. Jumatatu aliyokuwa ajisalimishe ikapita. Nikaondoka Alhamisi.

Nyumbani

Sensei alizipokea sai ukumbini, jioni, mbele yetu sote, mtakumbuka. Aliigeuza ya kwanza, ikalala bila sauti, ncha ikavuka kiwiko kwa kidole gumba kamili. "Kana kwamba nilikuwapo," akasema, na macho yakamlowa. Mliruka kwa shangwe. Nilisubiri mwondoke, nikamweleza mkono ulikuwa wa nani.

Alikaa kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti juu. Hakunilaumu, ila hakunitazama pia. Nikamweleza na maneno ya mzee wa Shiling, kwamba hiki ni chuma cha askari. "Ningejua hilo zamani," akasema, "ningewafundisha vingine."

Mtihani alifaulu. Mtahini alimwuliza, kupitia mkalimani, asili ya sai. Sensei akajibu: "Nimefundisha miaka ishirini kwamba ni ya mkulima. Nimeambiwa ilikuwa ya askari. Labda na mkulima alikuwapo, mimi sijui. Hizi ninazozijua zimepimiwa mkono wa mtu ambaye hayupo hapa." Mkalimani alitafsiri ya mwanzo tu, la mwisho alilipita. Mtahini akaandika, akainama.

Unguja

Hassani yuko nyumbani sasa. Walimrudisha wiki sita baada ya harusi, amekonda, masihara ni yale yale. Tunasalimiana kwa simu na hana kinyongo, ananiita mwalimu wake wa karate. Ninalowaambia ni la kabla hajarudi, na ndilo jibu la swali lenu.

Nilikwenda Unguja wiki moja baada ya mtihani, kumwona mkewe, Bi Zena. Nilimpelekea vitenge, na mkoba mmoja kati ya ile ya rangi ya damu ya mzee, ambao nilipofika mlangoni niliona haya kuutoa. Alinikaribisha vizuri. Rukia mwenyewe alileta kahawa na mkate wa ufuta, hina bado iko mikononi, akaniamkia na kutoka. Ami yake ndiye aliyemwoza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa nayataka. Bi Zena akaniuliza kwa sauti ile ile aliyonikaribishia kahawa:

"Hivyo vyuma alivyokwenda kupimiwa, ni vya kazi gani?"

Nilikuwa na hadithi nzima tayari, ya visiwa, wakulima, askari, babu wa mzee wa Shiling.

"Vya mazoezi," nikasema.

"Mazoezi ya kufanya nini?"

"Ya kumkinga mtu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayetaka kuelewa vizuri.

"Na siku ile wanamchukua, ulikuwa navyo?"

"Nilikuwa navyo, Bi Zena. Vyote vitatu."

Akakichukua kikombe changu, akanimiminia kahawa tena.